Kang'atwa na Kima, Kanyamaza!

Hebu jibu swali hili kwa ukweli: umewahi kuumia ukanyamaza? Pengine ulianguka kutoka kwenye mwembe wa jirani. Pengine ulikatwa na chupa mahali ulipokatazwa kwenda, au mbwa wa watu alikung'ata baada ya wewe mwenyewe kumchokoza. Ukavuta soksi juu, ukarudi nyumbani unapiga mluzi kana kwamba hakuna kilichotokea. Kama jibu lako ni ndiyo, usione haya, tuko wengi. Lakini soma makala hii mpaka mwisho, kwa sababu kimya cha namna hiyo kingeweza kumpeleka kaburini mdogo wangu.

SAFARI YENYEWE

Ilikuwa likizo ya Juni. Familia yetu ilikwenda Ifakara kumtembelea baba mkubwa, na siku moja wazee wakaamua twende wote tukapande milima ya Udzungwa kuona maporomoko ya Sanje. Tulikuwa saba: baba, mama, baba mkubwa, binamu zangu wawili, mimi, na mdogo wangu wa mwisho, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na mmoja na maswali elfu moja.

Kama hujafika huko, nikudokezee kidogo. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992 na ina eneo la kilometa za mraba 1,990, upande wa Morogoro na Iringa. Ukitoka barabara kuu pale Mikumi unashika njia ya Kidatu kuelekea Ifakara. Mkono wa kulia unaona milima yenye msitu mzito, mkono wa kushoto bonde la Kilombero na mashamba ya miwa. Makao makuu ya hifadhi yako Mang'ula. Huku hakuna mambo ya kukaa ndani ya gari ukichungulia wanyama dirishani. Ni miguu yako tu, na unachokiona umekitolea jasho.

Tulipanda na askari wa hifadhi, na sote tukawa tunamwita afande. Kabla ya kuanza alitusimamisha kivulini akatupa masharti manne. Kwanza, tutembee kwa mstari mmoja na mtu mzima awe nyuma. Pili, atakayechoka aseme. Tatu, hakuna kukimbia hata ukiona nini. Nne, hakuna kumpa mnyama chakula.

"Hilo la nne," akasema, "ndilo watu hulisahau wakishashiba."

Tukacheka. Laiti tungejua!

MSITU UNA WENYEWE

Nusu saa ya kwanza kila mtu alikuwa shujaa. Baadaye kilima kilianza kuuliza maswali. Mama akasema goti linamsumbua, tukapumzika, tukanywa maji. Ndipo matawi juu yetu yakaanza kutikisika, na mdogo wangu akanishika mkono: "Dada, dada, angalia!" Kundi la mbega wekundu wa Udzungwa lilikuwa likirukaruka kutoka mti hadi mti, kichwani wana manyoya mekundu kama wamevaa kofia. Mbega hawa hawapatikani popote duniani isipokuwa katika milima hii na misitu iliyo karibu nayo.

Tulipozidi kupanda tukasikia mlio mzito kutoka bondeni. Afande akatuambia kuwa huyo ni ngolaga, nyani wa Sanje. Wenyeji walikuwa wakimjua miaka yote, lakini wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu. Hatukumwona, tulimsikia.

Mbele kidogo tukakuta mavi ya tembo katikati ya njia. Afande akayachunguza, akasema tembo amepita muda mrefu, tusihofu. Hata hivyo alitufundisha. Ukimwona tembo kwa mbali, simama, nyamaza, mpishe. Rudi polepole ulikotoka bila kupiga kelele wala kumrushia kitu. Usiingie kati ya mama na mtoto wake. Na siku zote msikilize askari uliye naye, maana yeye ndiye anayejua mazingira.

Kisha ikaja zamu ya siafu. Binamu yangu alisimama juu ya msafara wao akipiga picha. Baada ya sekunde chache alianza kucheza ngoma ambayo mpaka leo haijapewa jina! Dawa yake ni rahisi: ondoka haraka kwenye msafara, kisha watoe mmoja mmoja. Ukiwa umechomeka suruali ndani ya soksi hawapati njia.

Mwisho tukayafikia maporomoko. Maji ya Sanje yanashuka jumla ya meta 170, na ukisimama karibu, manyunyu yanakupiga usoni kama mvua. Ukigeuka nyuma unaliona bonde lote la Kilombero limetandikwa chini yako. Baba, ambaye si mtu wa maneno mengi, alivua kofia akasema, "Kumbe nchi yetu hivi!"

KASHESHE ILIPOANZIA

Tulikula chapati, mayai ya kuchemsha na ndizi mbivu. Wakati wa kushuka tulikuwa tumechoka na kushiba, na mstari wetu ukakatika. Afande alikuwa mbele na mama, kwa sababu ya lile goti. Baba mkubwa, aliyepaswa kuwa nyuma kabisa, alikuwa katikati akisimulia habari za ujana wake. Mdogo wangu akabaki nyuma peke yake na ndizi yake ya mwisho.

Kilichotokea tulikijua saa nyingi baadaye. Kima mwenye koo jeupe alishuka kwenye tawi la chini. Mdogo wangu akamnyooshea ndizi. Kima aliponyoosha mkono, kijana akairudisha ndizi nyuma, akacheka. Akamnyooshea tena, akairudisha tena. Mara ya tatu kima hakuwa na utani. Aliruka, akaichukua ndizi, na akaacha alama mbili za meno karibu na kidole gumba.

Mdogo wangu alifuta damu kwenye suruali, akatia mkono mfukoni, akatukimbilia. Alitembea njia nzima hivyo. Nami, dada yake, ninayezunguka mashuleni kufundisha afya, nilikuwa hatua chache mbele yake na sikuona kitu.

Usiku, Ifakara, tuliletewa wali na samaki. Mdogo wangu akaanza kula kwa mkono wa kushoto. Nyumbani kwetu hilo ni kosa ambalo hata mtoto wa miaka mitatu halifanyi. Mama akaacha kula.

"Mkono wa kushoto tangu lini, mwanangu?"

Kimya.

"Hebu nione huo wa kulia."

Ndipo siri ikatoka, pamoja na machozi. Baba mkubwa akaanza kufoka kwamba aliambiwa na hakusikia. Baba akakitazama kidonda akasema, "Ah, kadogo haka, kameshakauka." Mimi moyo ulikuwa unanienda mbio, kwa sababu nilijua jambo ambalo wao hawakulifikiria. Nilimshika mdogo wangu nikampeleka bombani, nikamwambia binamu atazame saa. Tulikiosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Kisha nikawaambia wazee kwamba tunakwenda hospitali usiku ule ule.

KWA NINI NILIOGOPA ALAMA MBILI ZA MENO?

Jibu ni kichaa cha mbwa. Msomaji, jina hili linawadanganya wengi. Wanadhani ni ugonjwa wa mbwa peke yao. La hasha! Ugonjwa huu huletwa na virusi vinavyoweza kumwingia mnyama yeyote anayenyonyesha: mbwa, paka, mbweha, fisi, nguchiro, popo, ng'ombe, nyani, hata binadamu. Ni kweli kwamba mbwa ndiye anayeongoza. Shirika la Afya Duniani linasema karibu watu 99 kati ya kila 100 wanaougua huambukizwa na mbwa. Ni nadra kuambukizwa na kima. Lakini mnyama wa porini huwezi kumfuata msituni kumpima, na ugonjwa wenyewe haukupi nafasi ya kubahatisha. Ndiyo maana uamuzi tunamwachia mtaalamu, tena mapema.

Virusi hivi hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Akikung'ata, au akilamba kidonda chako kibichi, virusi vinaingia. Haviendi kwenye damu kama vimelea vya malaria. Vinashika njia ya mishipa ya fahamu na kupanda taratibu kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu. Wakati mwingine ni wiki moja, wakati mwingine hata mwaka. Katika muda wote huo unajisikia mzima. Unacheza mpira, unafanya mtihani, kidonda kimepona na umekisahau.

Virusi vikifika kwenye ubongo, mgonjwa huanza kupata homa na kuwashwa au kufa ganzi mahali alipong'atwa. Baadaye anaweweseka, anashindwa kumeza, na wengi huogopa maji hata wakiwa na kiu kali. Ikishafika hapo, karibu wote hufariki. Hakuna dawa ya kutegemea.

Sasa sikia habari njema. Kwa kuwa virusi vinakwenda polepole, unaweza kuviwahi. Chanjo ikitolewa kabla havijafika kwenye ubongo, mwili hujifunza kuvishambulia vingali njiani. Ni mbio kati ya virusi na chanjo, na anayeamua nani ataanza mbele ni wewe uliyeng'atwa. Jambo hili halikuanza jana. Tarehe 6 Julai mwaka 1885, huko Paris, Louis Pasteur alimsimamia mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeng'atwa vibaya na mbwa, akachomwa chanjo iliyokuwa bado mpya kabisa. Mtoto yule alipona akawa mtu mzima. Zaidi ya miaka mia moja imepita, chanjo za leo ni bora na salama zaidi, lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 59,000 bado hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu. Wengi wako Asia na Afrika, na karibu 40 kati ya kila 100 ni watoto wa chini ya miaka 15. Yaani ni wadogo zetu.

Kwa nini watoto? Kwa sababu wao ndio wanaocheza na wanyama. Na kwa sababu wao ndio wanaonyamaza.

UKING'ATWA, FANYA HIVI

1. Ondoka karibu na mnyama. Usimfukuze wala usijaribu kumkamata.

2. Osha kidonda kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15. Usione ni nyingi. Sabuni inaviharibu virusi, na maji yanaviondoa. Hii ni huduma ya kwanza ambayo hata mwanafunzi wa darasa la tatu anaiweza. Mlimani, tumia maji ya chupa au ya kijito.

3. Ukiwa na dawa ya kuulia vijidudu, kama spiriti au ayodini, paka baada ya kuosha.

4. Usipake pilipili, majivu, mafuta ya taa, unga wa betri wala majani ya kutwanga. Vitu hivyo vinaumiza nyama na kupoteza muda.

5. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mhudumu ataangalia kidonda na kuamua. Kama kimetoa damu, pamoja na chanjo unaweza kuhitaji kingamwili, dawa inayochomwa palepale kidondani. Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda.

6. Maliza sindano zote. Chanjo hutolewa kwa awamu, na kila awamu ina tarehe yake. Ukichomwa moja ukaona umepona ukaacha, umevipa virusi nafasi.

7. Hata kama zimepita siku kadhaa, nenda tu. Maadam hujaanza kuumwa, bado unaweza kuwahi.

Kwetu sisi, kituo cha kwanza tulichofika hakikuwa na chanjo usiku ule. Baba, yule aliyesema kidonda ni kadogo, ndiye aliyetafuta usafiri wa kwenda hospitali nyingine. Huko mdogo wangu alichomwa sindano ya kwanza, akapewa kadi yenye tarehe za kurudi. Mhudumu alituuliza swali moja tu lililotuumiza: "Mbona hamkuja mchana?"

MASWALI MNAYOULIZA

"Ni mkwaruzo tu, haukutoa damu. Niende?" Ndiyo, nenda. Mkwaruzo nao huhesabiwa. Mnyama akikulamba kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda, nawa tu, hapo hakuna hatari.

"Mbwa aliyening'ata ni wetu, namjua. Je?" Osha, kisha nenda ukamweleze mhudumu. Mbwa anayefahamika anaweza kufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10, lakini usisubiri kwanza uone mbwa atakuwaje ndipo uende. Acha mtaalamu aamue.

"Ni kweli mtu huchomwa sindano nyingi tumboni?" Hizo ni habari za zamani. Siku hizi huchomwa begani au mkononi, na kwa watoto wadogo sana pajani. Ni kama chanjo nyingine.

"Na nyoka je?" Hiyo ni habari nyingine kabisa. Akigongwa mtu, mtulize na mlaze. Mvue pete, saa na viatu kabla hajavimba. Funga kipande cha mti kando ya mguu au mkono ili usichezeshwe, kisha mbebeni mpaka hospitali. Usimchanje, usinyonye sumu, usikaze kamba, na usitegemee jiwe la nyoka. Mtu asitembee kwa miguu kama kuna wa kumbeba.

KABLA YA KUPANDA MLIMA NA FAMILIA

Sitaki uache kwenda milimani. Uende! Mlima ni mazoezi, ni darasa, na ni mahali ambapo baba asiyeongea anaweza kuongea. Ila jiandae. Vaa viatu vinavyoshika na soksi ndefu. Beba maji safi ya kutosha kila mtu. Maji ya kijito hata yaking'aa vipi yachemshwe kwanza. Beba sabuni, bandeji na kitu cha kujifunika mvua. Mwambie mtu aliyebaki nyumbani mnakwenda wapi na mtarudi saa ngapi. Mtembee kwa mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote, na mtu mzima abaki nyuma kabisa bila kuhama. Chakula kikae ndani ya mfuko uliofungwa. Kumlisha mnyama wa hifadhini kumekatazwa, na sababu yake unaiona: kima aliyezoea ndizi za watu haombi tena, anapora. Anayelipa ni mtoto wa familia itakayofuata.

NENO LA MWISHO

Usiku ule, tukiwa tumekaa benchi la hospitali, nilimwuliza mdogo wangu kwa nini hakusema. Akajibu bila kunitazama: "Nilijua mtanichapa."

Baba mkubwa alikuwa amekaa pembeni. Alisikia. Hakusema neno, alivua koti lake akamfunika.

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi. Tulikuwa watu wazima wanne na afande mwenye bunduki, wote tukimlinda mtoto dhidi ya tembo na nyoka. Yeye kumbe aliyekuwa akimwogopa ni sisi.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, nina maombi mawili kwako. La kwanza: ukiumia, sema, hata kama kosa ni lako. Kama unamwogopa baba, mwambie mama. Kama humwezi mama, mwambie shangazi, mwalimu au nesi. Adhabu ya kosa itapita, lakini kichaa cha mbwa hakipiti. La pili: wewe ni kaka au dada wa mtu. Mdogo wako akija na siri kama hiyo, usianze na "si nilikwambia?" Anza na maji na sabuni. Maswali yatafuata mkiwa njiani kwenda hospitali.

Na kama nyumbani kwenu mna mbwa, ulizieni ofisi ya mifugo ya wilaya yenu lini watachanja. Mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa katika eneo, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kila tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na sehemu nyingi huitumia kuchanja. Klabu yenu ya afya inaweza kutangaza siku hiyo mtaani.

Mdogo wangu alimaliza sindano zake zote na ni mzima. Ana makovu mawili madogo karibu na kidole gumba, na anayaonyesha kwa kila mtu anayekubali kuangalia. Siku hizi anakula kwa mkono wa kulia, na akijikwaa hata ukucha, nyumba nzima tunajua.